Kimbwa

Binti yangu alinipigia simu mwishoni mwa majira ya baridi, nikiwa jikoni kwangu Weston, mtaa wa Toronto, akanipa habari mbili kwa pamoja kama ilivyo kawaida yake. Kwanza, walikuwa wamekodi nyumba ya mapumziko kijijini kwa wakwe zake, kaskazini mwa Wales, kwa wiki moja ya mwezi wa tano, na alitaka niende. Pili, yeye na mumewe walikuwa wamezungumza, wakaona kwamba nikistaafu nihame Toronto nikaishi nao mjini kwao, huko huko Wales. Chumba kipo. Nisijibu sasa, alisema. Niende kwanza, tuishi wiki nzima chini ya paa moja, halafu ndipo niseme.

Yote hayo aliyasema kwa Kiingereza. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili kwamba nimesikia, nitakuja, na jibu nitalitoa baada ya hiyo wiki. Hivyo ndivyo tulivyozungumza tangu alipoanza shule: mimi kwa lugha yangu, yeye kwa yake, na hakuna anayevuka kwenda upande wa mwenzake.

Niseme wazi nilichokuwa nakitafuta huko. Chumba sikukihitaji, ninacho. Nilikuwa na mjukuu wa kiume wa miaka minne ambaye nilimjua zaidi kwenye kioo cha simu kuliko ana kwa ana, na nilitaka kuona kama ningeweza kumsemesha Kiswahili akanijibu. Ikiwezekana, ningehama. Isipowezekana, sikuona kwa nini mwanamke wa umri wangu abadilishe baridi ya huku kwa baridi ya kule.

Kazi yangu ni ukalimani. Nakaa kwenye kiti cha pembeni katika zahanati, mahakama na ofisi za uhamiaji, katikati ya daktari na mama aliyetoka Uvira au Bujumbura, na kinachosemwa upande huu nakifikisha upande wa pili bila kuongeza chumvi. Kiswahili ndicho kilicholipa kodi ya fleti yetu na ada ya chuo ya binti yangu. Jengo letu lenyewe limejaa Kiswahili, lakini ni Kiswahili cha watu wazima. Kwenye lifti, mama wa Kikongo wa ghorofa ya juu huwaambia wanawe, "Musalimie mama," nao, macho yakiwa kwenye simu, wananitupia "hai". Mama yao ananitazama, mimi namtazama, lifti inafika.

Nyumba ya Wales ilikuwa ya mawe ya kijivu, kuta nene na madirisha madogo, mwishoni mwa njia ambayo gari likikutana na trekta lazima mmoja arudi nyuma. Waliichagua kwa sababu ya mbwa. Mama mkwe wa binti yangu anaishi hapo hapo kijijini, lakini ana paka, na paka wake hawataki wageni wa aina hiyo. Nyumba hii ilijitangaza kwamba mbwa wanakaribishwa, na haikuwa ikitania. Mlangoni palikuwa na ubao mweusi, umeandikwa kwa chaki maneno ya kumkaribisha mbwa kwa jina lake. Sisi wengine hatukutajwa. Alikuwa na taulo zake kwenye msumari wake, mabakuli yake, biskuti zake kwenye chupa kubwa yenye mfuniko, na godoro lake kando ya jiko la kuni. Kitanda changu kilikuwa juu, chini ya paa, mahali ambapo mtu akiamka lazima akumbuke kuinama. Nilipoomba taulo, mkwe wangu alipekua kabati zote akaniletea moja lenye picha za nyayo za mbwa.

"Ni safi kabisa," alisema, na naamini lilikuwa safi.

Mjukuu wangu alikuwa amejificha nyuma ya miguu ya baba yake. Nilichuchumaa, magoti yakalia. Maneno nilikuwa nimeyaandaa tangu kwenye ndege.

"Mume wangu!" nilimwambia. "Ndiyo nini kunificha uso? Mkeo nimesafiri usiku kucha, hata shikamoo hunipi?"

Kwetu bibi huanza hivyo na mjukuu wa kiume. Utani huo ndio mlango, mengine yote yanapitia hapo. Mtoto alinitazama, akamtazama mama yake.

"Anasema nini?" mkwe wangu aliuliza.

"Anamwita mume wake," binti yangu alimtafsiria.

"Mume?" Alitabasamu kwa shida, kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu ya mwenyeji wake. "Kwa nini mume?"

"Ni mambo yao tu."

Mambo yao. Nikasimama, nikasema nimechoka na safari.

Jioni hiyo tulikuwa mezani. Niliinuka kidogo kuifuata chumvi, na nyuma yangu nikasikia sauti ya binti yangu ikisema kwa Kiswahili kisicho na doa, "Kaa." Nilirudi kitini kabla sijafikiri. Nilipogeuka nikamwona mbwa naye ameketi karibu na jiko, masikio juu. Ni yeye aliyekuwa akiambiwa.

"Umemfundisha Kiswahili!"

"Hajui lugha nyingine," alijibu kwa Kiingereza, na alikuwa na fahari. "Bustanini kila mtu anapiga kelele kwa Kiingereza au Kiwelisi. Huyu wangu hababaishwi na mtu."

Akanionyesha. Njoo. Subiri. Acha. Toka. Nyamaza. Haya, twende. Mbwa alitii kila neno, na kila neno lilitoka sawasawa, hata ile "nya" ya nyamaza ambayo watoto waliokulia Toronto huivunja vipande viwili. Nilipiga makofi. Nilipopanda kulala nilikuwa na furaha, nikijiambia kwamba lugha iliyokwisha kuingia nyumbani, hata kwa mlango wa mbwa, haiko mbali na mtoto. Tena nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikokulia, Morogoro, mambo yalikuwa kinyume. Mbwa ndiye aliyezungumziwa Kiingereza. Jirani yetu, ambaye hakujua neno lingine la lugha hiyo, alisimama uani kila jioni akimwamuru mbwa wake, "Kamu hia! Siti!" Kiswahili kilikuwa cha watu. Hakuna aliyeona ajabu.

Siku zilizofuata nilifanya ninachokijua, yaani kusikiliza. Dukani, mwenye duka alizungumza na mwanawe Kiwelisi, lugha ya huko, na mtoto akamjibu kwa Kiwelisi huku akilia kwa sababu ya pipi. Alilia kwa lugha ile ile. Dereva wa basi hivyo hivyo. Mjukuu wangu alipofika kwa bibi yake mwingine, ambaye humwita Nain, kama bibi anavyoitwa huko, maneno yalimtoka kama maji ya bomba. Mimi nilikaa kwenye kochi, paka mapajani, kama ninavyokaa kazini, ila safari hii hapakuwa na aliyenihitaji nitafsiri.

Nilimuuliza yule bibi, kwa Kiingereza, aliwezaje.

"Sikufanya lolote la ajabu," alisema, akinimiminia chai. "Mkwe alipoingia nilimwambia wazi: huyu mtoto kwangu ni Kiwelisi tu. Kiingereza atakiokota mwenyewe barabarani." Akanisogezea keki. "Wewe nasikia hukupata nafasi. Binti yako aliniambia ulikuwa unafanya kazi sana."

Hakuwa na nia mbaya. Nilikula keki yake. Ilikuwa nzuri, na nilitamani isiwe nzuri.

Katikati ya wiki mvua ilikatika tukatoka kutembea shambani. Mtoto alitangulia mbio. Mbwa alikuwa ananusanusa kwenye uzio, na binti yangu amebaki nyuma akifunga buti. Mbele geti la shamba lilikuwa wazi, na ng'ambo yake ndiyo ile njia nyembamba. Nilisikia trekta kabla sijaliona.

"Njoo hapa!" niliita. "Njoo hapa!"

Mbwa aliacha alichokuwa akinusa, akaja mbio, akaketi miguuni pangu, macho juu, akingoja biskuti. Mtoto hakupunguza hata hatua. Ndipo mama yake akapaza sauti nyuma yangu, neno moja la Kiwelisi, na mtoto akasimama hapo hapo, kama aliyekamatwa shati. Trekta likapita taratibu. Dereva akatupungia mkono.

"Kwa nini hukusimama Bibi alipokuita?" mama yake alimuuliza tulipomfikia.

"Alikuwa anamwita mbwa," alisema, akilishangaa swali lenyewe. "Bibi anaongea Kimbwa."

Alilisema kwa Kiingereza, lakini kutafsiri ndiyo kazi yangu, na tafsiri yake ni hiyo. Kiingereza, Kiwelisi, Kimbwa. Hakuwa ananitania. Alikuwa ananieleza kitu alichokijua, kwa upole, kama mtoto anavyokueleza jina la rangi. Binti yangu alicheka kabla hajajizuia. Nilikisikia kicheko chake njia nzima ya kurudi, ingawa kilikuwa kifupi.

Alasiri mtoto alipelekwa kwa Nain na baba yake. Tulibaki wawili jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nakausha, na mbwa ameziba mlango.

"Kwa hiyo Kiswahili ni cha mbwa," nilisema.

"Mama, usianze."

"Sianzi. Nauliza tu. Kiwelisi cha Nain, Kiingereza cha kila mtu, Kiswahili cha mbwa. Nimekosea wapi?"

Alizima bomba. "Ndiyo maneno niliyo nayo."

"Unayo mengi. Unaelewa kila ninachosema."

"Kuelewa naelewa. Ninayoweza kuyasema ni hayo." Akaanza kuyahesabu kwa vidole vyenye povu, na maneno hayo tu ndiyo aliyoyasema kwa Kiswahili. "Kaa. Nyamaza. Acha. Toka hapo. Subiri. Haya, twende. Ulidhani nimeyatoa wapi? Kwenye kitabu cha kufuga mbwa? Ndiyo yaliyokuwa yanasemwa nyumbani kwetu."

"Nilisema na mengine."

"Kama lipi?"

"Umekula?"

"Hilo nalikumbuka," alisema. "Hilo pia namwambia." Akamwonyesha mbwa kwa kidevu. Mbwa alisikia "umekula", akaja kuangalia bakuli lake.

"Nilisema pole."

Alifikiri kweli, hilo sitamnyima. Alisimama na sahani mkononi akatafuta.

"Lini?" aliuliza.

Nilimtajia. Alipoteguka mkono kwenye barafu nje ya jengo letu. Alipofeli mtihani wa kuendesha gari. Baba yake alipoondoka. Alitikisa kichwa kila nilipotaja, si kwa ubishi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angebisha ningempa ushahidi. Lakini ushahidi wa neno lililosemwa kwenye fleti ya Weston anao nani, kama si aliyelisema na aliyelisikia? Mimi nashikilia mpaka leo kwamba nililisema. Nilirudi nimechoka, ndiyo, nikiwa nimeyabeba maneno ya watu mchana kutwa, na watoto huamrishwa, kila nyumba ninayoijua huamrisha watoto. Lakini pole nilisema. Haiwezekani kwamba mtu achague maneno sita tu kati ya yote aliyolelewa nayo, kisha ayafunge kwenye shingo ya mbwa.

"Unaweza kumfundisha wewe," alisema baadaye, akirudi kwenye vyombo. "Ukihamia. Utakuwa naye kila siku."

Nilijaribu zile siku zilizobaki. Nilimwonyesha mtoto kondoo, nikasema kondoo. Nikasema mvua, mkate, kikombe. Alikuwa na adabu. Alilisema kila neno mara moja, kisha akamgeukia mbwa na kumwambia neno hilo hilo, aone kama atafanya kitu. Mbwa hakujua kondoo. Mtoto akaona nimekosea.

Asubuhi ya kuondoka mkwe wangu aliweka sanduku langu garini. Ubao wa mlangoni mvua ilikuwa imeufuta, jina la mbwa limebaki nusu. Nilimkumbatia binti yangu, naye akaninong'oneza nisisahau jibu. Nikachuchumaa kwa mara ya mwisho.

"Haya, mume wangu. Mkeo ndiyo naondoka. Huniagi?"

Midomo yake ilianza kutetemeka. Alielewa sanduku, alielewa gari. Aliniangalia, nikaona anatafuta neno, na kwamba analitafuta upande wangu. Kisha akainua kiganja, kama mama yake anavyokiinua.

"Kaa," aliniambia. "Bibi, kaa."

Nyuma yake mbwa akaketi.

Sijui ni "kaa" ipi aliyoniambia. Kwa Kiswahili neno hilo humketisha mtu, na humwomba pia asiende zake, aishi hapo. Kazini ningeomba ufafanuzi kabla ya kutafsiri. Huyu nisingeweza kumuuliza, na mama yake alikuwa tayari anamsifu kwa Kiwelisi, jinsi alivyolisema vizuri. Niliingia garini.

Treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Toronto inasimama Weston, na kutoka stesheni hadi nyumbani hakuna mwendo. Kwenye lifti nilimkuta mama wa Kikongo na wanawe.

"Mama mukalimani!" alisema. "Wamekurudisha? Nilizani wamekuoza kule kwa bazungu."

"Wamenikuta mzee," nilimwambia.

Akacheka, akawasukuma wanawe mabegani. "Musalimie mama."

"Hai," walisema.

Binti yangu alipiga Jumapili, nimetoka kanisani. Aliniuliza nimeamuaje. Nilimwambia, "Nitakaa huku huku, mwanangu." Nadhani "kaa" alilisikia, na yaliyolizunguka yakamchanganya: ni nani anayekaa, na huku ni wapi.

"Sema kwa Kiingereza, Mama," aliniambia. "Nataka niwe na uhakika."

Nikamtafsiria.