Kidole Kimoja cha Akiba

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Akikutazama tu, kiuno chako keshakijua. Miaka thelathini amekanyaga pedali ya cherehani ile ile, na kwa kazi hiyo amenisomesha mimi, mtoto wa kaka yake. Kwa hiyo kigimbi cha mguu wake wa kulia kilipoanza kubana kila akikanyaga dakika kumi, na kuachia akipumzika, niliogopa. Yeye alisema ni uzee tu unabisha hodi.

Nilimburuta hadi kliniki. Daktari, binti mdogo mwenye maneno mengi, alisoma majibu ya vipimo na kutuvuruga kabisa.

"Mama, insulini yako ni nyingi kupita kiasi. Tatizo mwili hauisikii."

"Nyingi? Si ndiyo hiyo wenzangu wanachomwa sindano kwa kuikosa?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi mimi nimejaliwa. Ugonjwa uko wapi?"

Daktari akavuta pumzi, akaanza upya. Insulini, alisema, huingiza sukari kwenye misuli, na pia huiambia mishipa ya damu ijipanue ili misuli inayofanya kazi ipate damu. Mwili wa Shangazi umekuwa sikio la kufa. Kongosho linazidi kumwaga insulini, na bado mishipa haipanuki inavyotakiwa. Miaka ikienda hivyo, kuta zake hukakamaa, mafuta huganda ndani, njia huwa nyembamba. Mguu ukikanyaga pedali unadai damu, nayo haitoshi, basi unauma. Akampa vidonge na kumwambia atembee kila siku: mguu ukibana asimame, ukiachia aendelee.

"Tukizembea, mama, mguu tunaweza kuupoteza."

Shangazi alikuwa bado anahesabu kwa vidole: iko nyingi, haisikiki, inazidi, haitoshi. Nesi akaja kumpima kiuno.

"Sentimita mia moja na tisa."

"Futi yako imelegea, mwanangu. Mimi ni themanini na nane. Nimeandika kwenye daftari."

Na kweli ameandika, ukurasa wa kwanza, mwaka aliofungua duka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimenuna. Mtu anayepima wanawake wa mtaa mzima, leo anabishana na futi!

Tulipofika dukani alitoa magauni yake ya kazi sandukuni, akayatandaza mezani moja juu ya jingine, la zamani kabisa juu. Yalikuwa kumi na moja, na kila moja lilichungulia pembeni mwa lililo juu yake. Hapo ndipo nilipoelewa jambo moja siku hiyo. Nguo yake mwenyewe hajawahi kuikata kwa kipimo. Hufuatisha gauni lililotangulia, kisha huongeza upana wa kidole kimoja cha akiba ili apumue vizuri akikanyaga. Hakuna gauni lililowahi kumbana likamshtua.

"Kila mtu nampanulia nguo mimi," akasema polepole. "Mishipa yangu mwenyewe ndiyo ikatae kupanuka? Na mguu unaouma ndio niutembeze? Mbona sielewi?"



Akaivua futi shingoni, akanipa, akanyanyua mikono. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona akipimwa.

"Vuta sawasawa. Usinionee aibu."

Mia moja na tisa. Aliiandika chini ya ile themanini na nane, kisha akakata na kushona gauni la kumi na mbili kwa namba hiyo, bila akiba.

Kesho yake asubuhi alilivaa, likamshika kiunoni, tukatoka kutembea. Kwenye nguzo ya tatu ya umeme kigimbi kilibana. Akaishika nguzo, machozi yakimtoka.

"Bado sijaelewa," akasema.

Tukasubiri. Kigimbi kilipoachia, akainua mguu.