Karatasi Niliyomficha Mkwe

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa Bunda kwa dada yangu, wauguzi wakaja kanisani kupima akina mama shingo ya kizazi. Nilienda kwa kufuata mkumbo tu. Uzazi nilishauacha siku nyingi, nikadhani magonjwa hayo ni ya wasichana. Muuguzi akanipaka siki, ile inayoonyesha penye kasoro, akaangalia. Kisha akaniambia kuna mabadiliko, bado si saratani, yanatibika upesi. Akaniandikia karatasi niende kituo cha afya jirani na kwangu, Butiama.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza. Tabibu wa huduma hiyo pale kituoni ni mume wa binti yangu. Kwetu mama mkwe na mkwe hata kula pamoja hawali. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Nikalale kitandani mbele yake, nijifunue? Bora kufa, nilisema moyoni. Mdomoni nikasema, "Asante, nitaenda." Karatasi nikaisokomeza chini ya godoro, na binti yangu sikumwambia.

Ikapita miaka miwili. Nililima mtama, nikavuna, nikajiona mzima. Halafu damu ikaanza kutoka, mimi niliyekwisha kusahau mambo ya mwezi. Nikaichukua karatasi yangu, nikaenda hospitali ya Musoma.

Muuguzi aliyenipokea, mwanamke wa makamo, aliisoma akavua miwani.

"Mama, mbona hukwenda?"

"Tabibu ni mkwe wangu. Nilikuwaga naona aibu."

"Sasa si ungesema tu? Tungekupangia hapa, kwa mwanamke mwenzako. Siku moja tu, ungekuwa umemaliza."

Nililia pale pale.

Sasa ni saratani. Nimeenda Mwanza kwa mionzi mpaka nimechoka, mwanangu, nimechoka kweli. Na anayenipeleka stendi ni mkwe huyo huyo, kanibebea mkoba, ananitangulia hatua kumi kwa heshima. Anajua kila kitu siku hizi.

Kwa hiyo ukiambiwa uende kutibiwa, usiitikie tu kwa adabu. Sema nataka mwanamke, sema nataka mbali na nyumbani, sema nitibuni leo leo. Hakuna atakayekuchapa. Na mama yako mzazi akirudi kimya kutoka kupimwa, muulize, hata akikufokea. Mungu akupe maisha marefu, na akujalie ule ujasiri wa kusema ambao mimi niliukosa siku moja tu.