Mita Mia za Mzee Népomuscène

Mi ndiye dereva wa boti ya kupima ziwa hapa bandarini Bujumbura, kwa hiyo mutu asije kunisimulia habari za Mzee Népomuscène. Nilikuwepo.

Kazi yake ilikuwa moja. Kila mwezi alishusha chupa ya chuma kwa kamba hadi mita mia, mahali pale pale walipopima Wazungu waliokuja kuchunguza ziwa kabla ya uhuru. Kitabu chao kimefungiwa kabatini ofisini. Kinasema kuanzia mita mia maji hayana hewa, yananuka yai bovu, samaki haishi. Mpaka leo wataalamu wanalinganisha kila kitu na kitabu hicho. Mzee akivuta chupa ananusa, anaandika: "Mia. Hakuna mabadiliko." Miaka thelathini na moja! Nasi tulimheshimu.

Binti yake Chanelle alipotaka kufuga samaki kwenye vizimba vya nyavu kule Kibenga, alimuuliza baba kwanza.

"Weka tu, mwanangu. Ziwa nalijua mimi."

Chanelle akaacha ualimu, akaweka.

Mwezi wa tisa akaja botini kwetu Houda, mtaalamu mpya, na mashine yake ya kupima hewa ya majini. Mashine ikasema hewa inaishia mita hamsini na tano. Mzee akacheka.

"Mademoiselle, mashine yako imekufa."

"Papa Népo, we ulishajaribu kushusha chupa ikomee kabla ya mia?"

Mzee akaichukua chupa. Wallahi, hakuwahi! Maagizo yalisema mia, naye akashusha mia. Na mia itanuka tu, hata kama harufu imeshapanda kiasi gani. Mi mwenyewe nimekaa naye boti moja miaka kumi na mbili, sikuwaza hilo hata siku moja. Nilijikasirikia nikaupiga usukani ngumi.

Mzee akashusha mita tisini. Ikanuka. Themanini, ikanuka. Sabini. Sitini, bado inanuka. Kila chupa aliinusa mara mbili, labda pua inamdanganya.

"Upepo wa kusini umeacha lini?" Houda akauliza.

"Juzi," nikamjibu. Sisi watu wa ziwani tunajua: upepo ule ukiacha, maji ya chini huinuka kuja upande wetu wa kaskazini.

"Sulemani," Mzee akaniambia, "nipeleke Kibenga. Haraka."

Nilikanyaga mafuta yote. Tulipofika karibu na vizimba Mzee alishusha chupa mita kumi tu, akaivuta, akafungua kifuniko. Hata mimi niliyekuwa nyuma kwenye injini niliisikia harufu. Nyavu za Chanelle zinashuka mita sita.

Chanelle mwenyewe alikuwa amesimama juu ya mbao za vizimba, ndoo ya chakula mkononi, akitupungia kwa furaha. Samaki walikuwa wamejaa juu ya maji, wamebanana, midomo nje, wakiifungua na kuifunga.

"Papa! Njoo uone, leo wana njaa kweli!"

Akawamwagia ndoo nzima. Chakula kikaelea, hata samaki mmoja hakukigusa; walikuwa wanatafuta hewa. Chanelle akaacha kucheka, akamtazama baba yake.