Ugonjwa Wangu na Mwenzangu wa Kumbini

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenibakisha hai niyaseme haya kwa mdomo wangu, kwani yalikwisha kusemwa kwa mdomo wa mtu mwingine kabla yangu. Nitayasema yote, ya mwili na ya moyo. Anayesoma asione haya kwa niaba yangu. Hiyo haya niliyokuwa nayo nilinyang'anywa, na tangu hapo nimeona kwamba mtu asiye na cha kuficha anaweza kuwafaa wenzake.

Naitwa Kombo. Watu huniita Maalim Kombo, kwa kuwa nasomesha watoto Kurani na kusalisha katika msikiti mdogo wa kijiji chetu, nyuma ya Wete, pale njia inaposhuka bondeni na kupanda tena katikati ya mikarafuu. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu mwenye nguvu. Nilikwisha ota mvi, lakini msimu wa karafuu ukifika nilipanda mti hadi kileleni, mahali ambapo tawi linakuwa jembamba na upepo unakubeba nalo. Jioni tulikaa nyumba nzima tukichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, vidole vikiwa vyeusi, harufu imejaa hata kwenye wali. Msikitini nilipenda kusoma sura ndefu. Wazee walinitania: "Maalim, Mungu amesikia, na futari inapoa."

Nilikuwa na rafiki, Shaame. Tulitiwa kumbini siku moja tukiwa watoto, tukatahiriwa kwa kisu kimoja, tukalala mkeka mmoja mpaka tukapona. Kwetu mwenzako wa kumbini ni zaidi ya ndugu. Amekuona ukilia, amekuona ukitoka damu, na wazee waliwaambia nyote wawili kwamba mliyoyaona humo yamezikwa humo. Mtu mzima akipatwa na jambo la utupu wake, kabla hajamwambia ndugu wa tumbo moja, humwita mwenzake wa kumbini. Ndiyo desturi. Niliifuata bila kufikiri, kama mtu anavyokanyaga ngazi ya nyumba yake gizani.

Ugonjwa ulianza kwa kuchelewa. Nilikwenda chooni, nikachutama, nikangoja kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Mkojo ulitoka mwembamba, ukakatika, ukaanza tena. Nikiinuka, tone au mawili yalinifuata kwenye kikoi. Kwa mtu mwingine tone ni tone. Kwa anayesimama mbele ya watu wakasujudu nyuma yake, tone si jambo dogo. Nilitawadha, nikarudi, nikatawadha tena. Sura zangu zikawa fupi. Wazee wakafurahi, wakadhani nimewahurumia.

Kisha msimu wa kuchuma, nilishuka mtini nikajitenga kando, nikaona damu. Haikuwa nyingi. Ilikuwa nyekundu safi juu ya majani makavu, na nikaitazama nisiamini kwamba imetoka kwangu.

Nilimkuta Shaame uwanjani kwake akigeuza karafuu juu ya jamvi.

"Shaame, nina jambo la kumbini."

Akacheka. "La kumbini? We Kombo, sote tuna mvi. Watatukata nini tena?"

"Huenda wakakata kweli," nikasema, na nikamwambia.

Aliacha kucheka. Alinishika mkono akasema, "Twende hospitali. Nakwenda na wewe." Nasema hili kwa insafu, nisimdhulumu: yeye ndiye aliyenisukuma nikaenda. Peke yangu ningekunywa mizizi mpaka leo, na leo hii ningekuwa kaburini.

Daktari wa Wete wakati huo alikuwa Muhindi kijana, mwenye Kiswahili cha kukatakata na mikono ya upole. Nilimwomba Shaame abaki chumbani, maana niliogopa. Daktari alinilaza ubavu, magoti kifuani, akavaa mpira mkononi, akanipima kwa kidole kwa njia ya nyuma. Nalisema wazi kwa sababu wako wanaume watakaokufa kwa kukikimbia kidole hicho. Haikuuma. Iliniumiza fahari tu, na fahari hupona.

Alipomaliza alinawa kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "chini ya kibofu kuna tezi. Wazee wote, hii inakuwa kubwa. Lakini yako, upande mmoja, iko ngumu. Kama kokwa."

"Ni nini hiyo?"

"Mimi nafikiri saratani. Lakini bado changa. Wewe umekuja mapema. Wengine wanakuja kwangu wamebebwa. Nenda Unguja, watoe, usingoje."

Nilisema Alhamdulillahi. Ulimi wangu ulilisema kwa mazoea, lakini nilipofika nje, kwenye jua, nililielewa. Mungu alikuwa amenionyesha adui akiwa bado mtoto. Nikalia. Shaame alinipa bega lake.

"Nisalishie watu mpaka nirudi," nikamwambia. "Wakiuliza, sema nimekwenda kutazamwa tumbo."

"Limezikwa," akasema.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, Bi Mize, habari ile ile ya tumbo. Alikuwa akikunja nguo zangu za safari. Hakuinua uso.

"Baba Asha, mimi ndiye nifuaye vikoi vyako. Tumbo gani linatia doa hapo?"

Nikamweleza alivyosema daktari.

"Nenda ukakatwe," akasema. "Mimi nataka mume. Sitaki kupika wali wa khitma."

Nikapanda meli hadi Unguja. Huko Mzungu mmoja mpasuaji alinipima tena kwa njia ile ile, akatikisa kichwa kukubali. Walinifunika uso kwa kitambaa chenye dawa kali, nikasoma shahada, na sikuifikisha mwisho. Nilipoamka nilikuwa nimepasuliwa chini ya kitovu, na mpira umetoka tumboni mwangu kuingia kwenye chupa. Chupa ilikuwa nyekundu. Mabonge ya damu yaliziba mpira, kibofu kikajaa mpaka nikang'ata shuka, wakaja kuuzibua kwa maji, ukaziba tena. Joto la mwili lilipanda. Nilimwona marehemu mama yangu amekaa juu ya kitanda cha jirani akichambua makonyo, wala hakuniita. Nikajua sijaitwa.

Siku zilipita, maji ya chupa yakawa kama chai, kisha kama maji ya dafu. Mpira ukatolewa. Mkojo ulipopita njia yake mwenyewe kwa mara ya kwanza uliniwasha kama pilipili, na nililia kwa furaha. Mpasuaji aliniambia kwa kinywa cha msaidizi wake kwamba kile kigumu wamekitoa chote, kwa kadiri wanavyoona. Akaongeza, "Utavuja kwa miezi. Usivunjike moyo. Utakauka pole pole."

Nilirudi Pemba nikiwa mwembamba, nimefunga kitambaa ndani ya kikoi, na moyoni nina shukrani iliyonijaa mpaka kooni. Nilitamani kufika msikitini kuliko nyumbani.

Njiani niliwakuta vijana wamekaa juu ya magunia. Mmoja akanisalimu kwa adabu: "Shikamoo, Maalim." Nilipopita nikasikia mwingine: "Huyo ndiye Maalim Kidole." Wakacheka kwa pua.

Sikugeuka. Miguu ilikwenda yenyewe mpaka nyumbani. Bi Mize alinipokea, akanikalisha, akanipa uji. Nilipomaliza akasema, "Yamesemwa yote."

"Na nani?"

"Kwani uliyakabidhi kwa wangapi?"

Akanieleza. Baada ya sala ya isha, Shaame alikuwa amewaambia watu barazani kwamba imamu wao anavuja, na kwamba alikuwa akivuja tangu kabla ya safari. Tone likitoka, udhu umekatika, na imamu asiye na udhu hana sala. Basi waliosali nyuma yangu walipe sala zao, wazisali upya. Watu wakaingiwa na hofu. Mzee Faki, jirani yetu mcha Mungu ambaye magoti yake hayakunjiki, alikuwa akilipa sala za mwaka mzima, kila adhuhuri mbili, huku akishikilia ukuta. Na katika kueleza, ili aaminiwe, Shaame alieleza na jinsi nilivyolazwa, magoti kifuani, na jinsi nilivyopimwa.

Nimepasuliwa tumbo, najua maumivu. Haya yalikuwa mengine. Mpasuaji alinitia usingizi kwanza.

Alasiri nilikwenda msikitini. Shaame alikuwa mbele, mahali pangu. Nilisali safu ya mwisho, nikangoja amalize dua. Watu hawakuondoka.

"Shaame," nikasema, "tulizika nini mimi na wewe?"

Akageuka. Hakuwa na uso wa mtu mwovu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Siri ya ntu naiweka, Kombo. Sala za watu siwezi kuziweka."

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Ningekwambia ungeacha kusalisha? Unavyoipenda hiyo mimbari yako?"

Neno lile lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Kisha nikasema, "Haya, tone linabatilisha sala. Na kidole? Kidole nacho kinabatilisha sala za watu?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Shaame akautazama mkeka.

Nilikaa ndani siku nyingi. Nilikuwa naishi, nami sikutaka kuonekana nikiishi. Bi Mize alinivumilia, halafu akachoka. "We umekwenda Unguja kupona au kujificha?" akaniuliza. "Kama sala zao zimeharibika, kuna wenye elimu Chake Chake. Kaulize. Ukiambiwa zimeharibika, tutajua. Ukiambiwa hazikuharibika, watajua wao."

Nikaenda. Shehe mzee alinisikiliza hadithi yote bila kukunja uso. Akaniambia kwamba mtu mwenye maradhi ya kuvuja hungoja wakati uingie, hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha na kusali bila kuchelewa, na kinachotoka baada ya hapo amesamehewa. Sala yake ni sahihi. Na katika madhehebu yetu wanaosali nyuma yake, sala zao ni sahihi. Ama zile za kabla ya safari, nilipohisi tone nilikuwa nikirudi kutawadha, basi hakuna deni.

"Mwenzako amechukua nusu ya mas-ala akaitangaza," akasema. "Nusu ya elimu ina sauti kubwa."

Shehe alikuja kijijini mwenyewe, amepanda punda, akalisema mbele ya watu wote. Mzee Faki akauliza, "Sasa, Shehe, zile nilizokwisha zilipa zitakuwa za nani?"

"Zako, Mzee. Mungu hapotezi. Lakini leo kapumzishe magoti."

Watu wakacheka, na kicheko kile hakikuwa juu yangu. Wakanisukuma mbele. Nilisimama, nikawageukia kabla ya takbira, nikaona nyuso zinazotazama kikoi changu kisha zinajisahihisha. Nikajua nikinyamaza, watakuwa wakiniuliza kwa macho mpaka nife. Basi sala ilipokwisha nikawaeleza mwenyewe. Mkojo, damu, kidole, mpira, chupa, kitambaa. Nikawaambia, "Mlisikia kwa kunong'onezwa. Sasa sikieni kwa mwenyewe." Hakuna aliyecheka.

Baada ya siku chache mtu akaja kwangu akajifanya anaulizia mbegu za muhogo. Alipokwisha kuizunguka mihogo yote akasema kwa sauti ndogo, "Maalim, na mimi nachutama nangoja." Mwingine alikuja kwa baiskeli kutoka Tumbe. Mwingine alivuka kutoka kisiwa cha Fundo, akaniambia mbele ya mkewe, maana mkewe ndiye aliyemleta kwa nguvu. Niliwapeleka kwa daktari wa Wete mmoja mmoja. Wengi ilikuwa tezi ya uzee tu. Mmoja alikuwa na kigumu kama changu, kichanga, akaenda Unguja naye yuko hai. Mwingine tulichelewa, tukamzika.

Mimi nilikauka pole pole kama nilivyoambiwa. Miaka imepita.

Mwaka mmoja, mwezi wa Shaabani ulipokuwa unakwisha, wakati watu wanapotakana radhi kabla ya kufunga, Shaame alikuja. Alikaa barazani kwangu, akanywa kahawa, akasema, "Kombo, nimekuja unipe radhi." Kisha kabla sijafungua kinywa akaongeza, "Lakini tazama na kheri iliyopatikana. Kama nisingesema, yule wa Fundo angekuja kwako? Angejuaje?"

Nilimtazama mwenzangu wa kumbini. Alikuwa ameamini alichosema.

"Kheri ni ya Mungu, Shaame," nikamwambia. "Yeye huitoa hata kwenye taka. Lililo lako ni kule kuisema siri."

"Basi hunipi radhi?"

"Mbele ya Mungu nimekupa, sitaki tukutane huko tukidaiana. Lakini nikiumwa tena nitakwenda na Bi Mize."

Alimaliza kahawa yake. Tangu hapo tunasalimiana, tunazikiana, na hajui tena kinachoniuma.

Ndugu msomaji mwanamume, ukichutama ukangoja, usingoje mpaka ubebwe. Nenda ukapimwe, na namna ya kupimwa usiiogope. Mwambie mkeo, kwa kuwa yeye anajua tayari. Mshukuru Mungu kwa ugonjwa uliogunduliwa mapema, ni rehema iliyovaa nguo mbaya.

Na wewe unayemsindikiza mgonjwa, nina neno kwako pia. Nilipoingia kwa daktari nilikuwa naogopa kifo. Nilipotoka Unguja, nikaja kuogopa watu. Hofu ya kwanza iliondolewa na kisu. Ya pili haina kisu. Kwa hiyo mshike mkono mwenzako, msaidie kuvaa nguo zake, na mkitoka nje, zungumzeni habari za mvua.