Swali la Fundi Cherehani

Kila asubuhi kabla ya chai, fundi cherehani huwakalisha wanawe watatu na kuwasomea Maandiko. Hulamba kidole ndipo afunue ukurasa, na husoma kwa sauti ya chini makusudi, ili masikio yafanye kazi. Akimaliza huuliza swali lile lile: "Tumesikia. Sasa tutafanya nini?" Mkewe husikiliza akiwa mlangoni, naye huyapenda majibu ya watoto, kwani hayajawahi kumtisha.

Juzi walisoma habari za kuwatembelea wagonjwa. Jana kitinda mimba, binti wa miaka sita, hakungoja kuulizwa. "Baba, mimi nimeshafanya. Nilimpelekea maji babu wa chumba cha mwisho." Safari hii jibu lilimtisha mama. Mzee yule alikuwa akikohoa damu tangu mwezi uliopita, na wapangaji wote walipita mlangoni pake mbiombio, wameziba pua. Vidole vya fundi, vilivyozoea kutunga uzi bila kutazama sindano, vikakifunga kitabu.

"Ulikaa naye sana?"

"Mpaka akalala. Kwani nimekosea, baba?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akainamisha macho. "Hapana, mama," alimjibu binti. "Mimi ndiye nimechelewa. Leo tunampeleka hospitali, nawe ukapimwe." Akavaa viatu, akatoka. Mkewe alimwona ameinua mkono mbele ya mlango ule wa mwisho, akasimama hivyo kitambo kirefu kabla ya kubisha.