Salamu Zisizorudi

Majina ya watu wangu wote ninayo kichwani, hata ya mbuzi wa baba yangu. Hapa sitaji hata moja, kwa ajili ya mjukuu wangu.

Mwaka wa 2012 mjukuu huyo alikuwa Kakuma kwa baba yake, mwanangu wa kwanza, akiuza chai kibandani. Msichana wa maneno huyo! Watu walikuwa wanaagiza kikombe cha pili ili wacheke tu. Kisha akaanza kunyamaza. Akaacha kuoga, akaacha kupaka shanga zake mafuta. Ukimsalimia "Ejok?" anakutazama tu, uso hauna kitu.

Kwetu salamu si neno moja. Unaulizwa habari yako, ya watoto, ya mifugo, ya mvua, na kila swali lina jibu lake. Asiyejibu ana kinyongo. Basi mwanangu akanipigia simu Lodwar. "Mama, binti yangu ametukasirikia. Njoo tumwombe msamaha."

Nikaenda. Mbuzi akachinjwa, wazee wakampaka msichana kifuani majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi, ndiyo baraka yetu, kila mtu akataja alilomkosea. Shangazi yake akalia kwa sababu ya viatu alivyoazima akavikata kamba. Tulicheka sana. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Nyama ilimpoa mkononi mpaka mafuta yakaganda.

"Ametukataa," mwanangu akasema. "Basi aende kwa hao anaowapenda."

"Mwenye kinyongo hula nyama yako huku anakutukana moyoni," nikamwambia. "Huyu hata njaa hana. Ninaenda naye."

Hospitalini Lodwar, muuguzi alinieleza kwamba ni ugonjwa wa akili, ndio kwanza unaanza. "Nyanya, hajaacha kuwapenda. Ugonjwa umemwondolea hamu, na uso umegoma. Dawa atakunywa. Wewe mpe kazi ndogo, usimgombeze."

"Na salamu zangu ataitikia nani?"

"Itikia mwenyewe kwanza."

Nikaitikia mwenyewe. Kila asubuhi uani kwangu Kanamkemer, hapo hapo Lodwar: "Ejok? Ejok nooi. Umelala? Nimelala. Mbuzi? Wapo."

Jirani akanisikia. "Mama mzee, sasa wagonjwa ni wawili!"

"Ukiendelea kusimama hapo, watatu!"

Mimi husuka vikapu vya majani ya mkoma. Majani hulowekwa kwenye beseni ili yasikatike, na kazi yake ikawa kunipa jani moja moja. Ilibidi nimguse mkono kila mara: "Mama, jani." Ananipa, anarudisha mkono mapajani. Miezi ikapita hivyo.

Siku moja mwaka wa 2013 nilikuwa nikifukuza mbuzi aliyeingiza mdomo kwenye unga. Nilipogeuka nimguse, mkono haukuwa mapajani. Ulikuwa umenyooka kwangu na jani bichi, maji yakidondokea shuka yangu. Uso ni ule ule. Lakini mkono ulikuwa unaningoja.

Nikapokea. "Asante, mama."

Tangu asubuhi iliyofuata, nikishamsalimia, sijibu haraka. Nanyamaza kidogo, nisije nikamnyang'anya jibu lake.