Kanga Nilizozikata

Kushona mifarishi nilijifunza ukubwani, jioni nikirudi kazini, kwa kutazama video kwenye simu. Unakata vitambaa vipande vipande, unaviunga mpaka vitoe pambo, unatia pamba kati, kisha unaupiga mshono wa mkono pote. Mama aliponiona nanunua vitambaa sokoni Ibra, huku kwetu bara ya Maskati, alinitolea furushi la kanga kabatini.

"Chukua, zimeshachakaa. Zinakula nafasi tu."

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hakulifungua. Mimi nililifungua peke yangu, nikatia mkasi. Niliunga nyota. Hata yale majina, maandishi ya chini ya kanga, niliyakata makusudi ili herufi zitawanyike ndani ya nyota kama mapambo. Nilijiona fundi.

Kikundi cha wanawake washonaji kikatayarisha maonyesho mjini Nizwa. Tuliondoka asubuhi mimi na mama, yeye kavaa abaya yake mpya. Ukumbini mifarishi ilikuwa imetundikwa ukutani na kwenye kamba. Mama aliwekewa kiti mbele ya wangu, na kila aliyesimama hapo alimwambia kwa Kiarabu, "Huu kashona binti yangu." Sikumbuki siku nyingine aliyojivunia kazi ya mikono yangu namna ile.

Kabla ya adhuhuri akaja msichana mmoja, mwanafunzi, na kwao wametoka Unguja, ila Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Shikamoo, bibi. Mashallah, hii mzuri! Hapa kaandika nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nikusomee." Mama akainuka, akasogeza uso karibu na kitambaa. Akawa anapapasa korosho moja nyekundu iliyochorwa kwenye kanga, akifuata ukingo wake kwa kidole.

"Hii umeitoa wapi?" akaniuliza.

"Kwenye lile furushi ulilonipa."

"Hii kanga ya shoga yangu."

Ndipo nikaisikia habari ambayo hakuwahi kunisimulia. Siku walipohama Unguja, mama akiwa kigori, shoga yake alinunua doti ya kanga, akaikata, upande mmoja akabaki nao na mmoja akampa mama. Hawakuonana tena mpaka yule shoga akafariki. Mama hakuivaa hata siku moja, wala hakukumbuka kama imo kwenye lile furushi.

"Na jina la hii kanga lilikuwa..." Kidole kikasimama kwenye nyota moja: WANGU U. "Moyo wangu u... Hapana. Siyo moyo." Akaenda nyota ya pili: LIA S. Akarudi ya kwanza. Akanigeukia. "Kipande cha katikati kiko wapi?"

"Kilikuwa chembamba, mama. Nilikitupa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Nilikuwa nnaijua," alisema. "Wallahi nilikuwa nnaijua."

Msichana aliinamisha kichwa, akampa pole, "Maalish, bibi," akaondoka polepole.

Alasiri wasimamizi walikuja kuufunga mfarishi wangu utepe wa kijani, wa kazi iliyopendeza watazamaji. Tukapigwa picha. Mama alitabasamu kila alipoambiwa atabasamu.

Njiani kurudi, tumeshapita Sinaw, nilimwona midomo inamtikisika. Nilidhani anavuta uradi, kumbe anajaribu maneno. Nilipofika nyumbani nilimwaga mfuko wangu wa vitambaa vilivyobaki sakafuni, nikakuta pindo tupu zisizo na herufi hata moja. Nikawapelekea mashangazi Maskati picha ya zile nyota, nikawauliza jina la kanga ile. Kila mmoja alikuja na jawabu lake, na kila mmoja na uhakika wake. Nilimsomea mama moja moja.

"Siyo," alisema. "Hiyo nayo siyo." Mwisho akaniambia, "Khalas, mwanangu. Iache."

Nimefikiri mara nyingi kwamba ningefungua lile furushi mbele yake tu, mapajani mwake, kanga moja baada ya moja, angeijua kwa mkono kabla ya jicho. Ingetuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Siku hizi mfarishi uko kitandani kwake. Wajukuu wakimwuliza pale pameandikwa nini, huwatungia. Leo maneno haya, kesho mengine, mengi ya mzaha, na watoto hucheka mpaka wakajiangusha. Naye hucheka nao. Mimi huondoka, nikaenda jikoni nikajitafutia kazi.